Maneno Yanapopotea: Kiharusi na Maeneo ya Lugha Katika Ubongo

Mgonjwa aliyepatwa na kiharusi anaweza kuamka asubuhi akiwa hawezi kutamka hata jina lake, ilhali anaelewa sehemu kubwa ya yanayosemwa kando ya kitanda chake. Mwingine huongea mfululizo bila kukwama, lakini maneno yake hayana maana. Wa kwanza hudhaniwa amepoteza akili. Wa pili hudhaniwa amepagawa. Dhana zote mbili si sahihi. Wote wana afasia, yaani upotevu wa lugha, na tofauti yao hutokana na mahali palipodhurika ubongoni.

Kila sehemu ya ubongo ina kazi zake. Sehemu ya kisogoni hupokea taarifa za macho, ubongo mdogo huratibu mizani ya mwili, na sehemu ya mbele huhusika na mipango na mwendo. Nusu ya kushoto huongoza upande wa kulia wa mwili, na ya kulia huongoza upande wa kushoto. Kwa watu wengi, wakiwemo wengi wanaotumia mkono wa kushoto, lugha hutegemea zaidi nusu ya kushoto.

Mwaka 1861, daktari Mfaransa Paul Broca alimchunguza mgonjwa aitwaye Leborgne, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akitamka silabi moja tu, “tan”. Baada ya mgonjwa huyo kufariki, Broca alikuta madhara katika sehemu ya mbele ya nusu ya kushoto ya ubongo wake. Mwaka 1874, Mjerumani Carl Wernicke alieleza madhara ya sehemu ya nyuma zaidi, juu ya usawa wa sikio, ambayo huacha usemi ukitiririka lakini huharibu uelewa. Leo inafahamika kuwa maeneo hayo hufanya kazi pamoja na mengine kwa njia ya mtandao wa neva.

Ujuzi huu una umuhimu mkubwa katika tiba. Eneo la Broca limepakana na sehemu zinazoongoza uso na mkono, hivyo mgonjwa wake mara nyingi hulegea upande wa kulia. Eneo la Wernicke liko mbali na sehemu hizo. Mgonjwa wake anaweza kutembea vizuri, na kiharusi chake kikapita bila kutambuliwa. Kwa hiyo, usemi unaovurugika ghafla, hata pasipo kupooza, uchukuliwe kuwa dharura. Mhudumu apime sukari ya damu mara moja, kwani ikishuka huweza kuleta dalili kama hizo, na aandike saa ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, baada ya kipimo cha CT kuonyesha kuwa hakuna damu iliyovuja ubongoni.

Baada ya hapo, familia ina kazi yake. Mgonjwa si kiziwi, hivyo asipigiwe kelele. Aambiwe sentensi fupi, aulizwe maswali ya ndiyo au hapana, aonyeshwe vitu au picha, na apewe muda wa kujibu. Mazoezi ya usemi huweza kurejesha sehemu ya lugha, hata miezi mingi baadaye. Zaidi ya yote, asizungumziwe kana kwamba hayupo: huenda anasikia na kuelewa kila neno.