Ndege, Mlima na Kamera Ndogo

Wapo wanaodhani kwamba kupiga picha za ndege ni mchezo wa watu wasio na kazi. Dhana hiyo siikubali. Huku kwetu Loitokitok na katika nyanda za Amboseli, ndege ndogo zitokazo Uwanja wa Wilson, Nairobi, hupita mbele ya Mlima Kilimanjaro. Anayeipiga picha ndege hiyo huupiga na mlima pia, na picha ikiandikwa siku na saa yake huwa ushahidi.

Tutazame mfano. Rubani wa Uswisi, Walter Mittelholzer, aliruka juu ya mlima huu kati ya mwaka 1929 na 1930, akaupiga picha kutoka angani. Picha zake zimo hadi leo katika maktaba ya chuo kikuu cha ETH mjini Zurich. Wataalamu nao, kwa kulinganisha ramani na picha za nyakati mbalimbali, walionyesha kwamba kati ya 1912 na 2007 asilimia 85 ya barafu ya Kilimanjaro ilitoweka. Lau si kumbukumbu hizo, wazee wanaosimulia jinsi weupe ulivyokuwa mwingi zamani wangeambiwa kwamba wanaota.

Swali langu ni hili: kumbukumbu za miaka yetu zitatunzwa na nani? Barafu ya kaskazini inatuelekea sisi. Je, mjukuu wetu naye atalazimika kuitafuta Zurich?

Zamani tungeweza kusingizia vifaa. Kamera za wapigapicha wa ndege zilikuwa na kioo ndani, nazo zilikuwa nzito. Mwaka 2008 Panasonic ilitoa Lumix G1, kamera ndogo isiyo na kioo hicho, na nyingine nyingi zikafuata. Katika kamera za aina hiyo, lenzi ya milimita 300 huvuta kitu karibu kama ambavyo lenzi ya milimita 600 ingevuta katika kamera ya filamu ya kawaida. Bei yake si ndogo, lakini shule au chama cha vijana chaweza kuchanga na kununua moja.

Ujuzi wenyewe haushindi mtu. Ndege ya pangaboi isipigwe kwa kasi ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, kwani pangaboi litaonekana limesimama kana kwamba injini imezimika angani. Sehemu moja ya 125 hutosha, mradi mkono uifuate ndege kwa utulivu. Kamera hizi pia zina namna ya kupiga kimya kwa umeme mtupu. Hiyo iepukwe, maana husoma picha mstari kwa mstari na kulipinda pangaboi mfano wa ndizi. Lenzi isibadilishwe penye vumbi la Amboseli, kwa sababu moyo wa kamera hubaki wazi. Aidha, kazi ifanywe alfajiri, kabla ya mawingu kuufunika mlima na mazigazi kuanza kucheza juu ya ardhi.

Kikwazo kilichobaki ni hofu. Viwanja vya ndege ni mahali pa ulinzi, na mwenye kamera hushukiwa upesi. Sisemi ulinzi ulegezwe. Nasema utaratibu wa kuomba ruhusa uandikwe kwa lugha nyepesi na ubandikwe mahali pa wazi, ili kijana mwema asichukuliwe kuwa mhalifu. Vijana nao waombe ruhusa kwanza, wakae mbali na njia ya kurukia, wala wasisahau kwamba nyanda hizi zina ndovu.

Kisha kila picha iandikwe tarehe, saa na mahali ilipopigwa, na nakala ihifadhiwe shuleni au katika maktaba ya karibu. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Barafu ya Kilimanjaro ni mali, nayo inaisha. Daftari tunalo mikononi.