Kinachowashikamanisha Wahitimu ni Kazi, si Salamu

Tarehe 24 Machi 2021, Gavana wa Maryland, Larry Hogan, alikwenda Chuo Kikuu cha Bowie State kutia saini sheria iliyovipatia vyuo vinne vya kihistoria vya Weusi vya jimbo hilo dola milioni 577, zilipwe kwa muda wa miaka 10. Vyuo vyenyewe ni Bowie State, Morgan State, Coppin State na Maryland Eastern Shore. Wengi waliipokea habari hiyo kama ushindi wa wanasiasa na mawakili, na ni kweli mkono wao ulikuwemo. Lakini kesi iliyoizaa sheria hiyo ilifunguliwa mwaka 2006 na muungano wa wahitimu na wapenzi wa vyuo hivyo. Waliishikilia kwa takriban miaka 15, na walipokuwa wamekaribia kufika, janga la korona likawakuta njiani. Mwaka 2020 vyama vya wahitimu kila mahali vilikuwa vikijiuliza vitawawekaje watu wao pamoja bila mikutano, karamu wala michezo. Kesi ya Maryland ina jibu ambalo halijasikilizwa vya kutosha: mhitimu hudumu karibu na chuo chake pale anapokuwa na kazi ya kufanya pamoja na wenzake, na anapojua kuna mtu anayeingoja kazi hiyo.

Jibu hilo lina uzito wa pekee mahali kama Bladensburg. Huu ni mji mdogo wa Kaunti ya Prince George's, wenye wakazi wasiofika elfu kumi, kando ya Mto Anacostia, jirani kabisa na mpaka wa Washington. Kaskazini yake, kilomita chache tu, ndiko College Park, penye chuo kikuu kikubwa cha jimbo. Ukivuka mpaka kuingia mji mkuu, unakutana na Howard, chuo kilichoanzishwa mwaka 1867. Bowie State, cha mwaka 1865, kimo ndani ya kaunti hiyohiyo. Wakazi wengi wa Bladensburg ni Weusi na Walatino, na katika eneo zima linaloizunguka Washington wamo Wakenya, Watanzania, Waganda na Wakongo waliosoma kwao, waliosoma hapo, au pande zote mbili. Katika miezi ya mwanzo ya janga, Prince George's iliongoza jimbo zima la Maryland kwa idadi ya walioambukizwa. Sababu mojawapo ilikuwa aina ya kazi za watu wake: hospitali, nyumba za kulelea wazee, maduka, magari ya abiria, kazi zisizofanyika ukiwa umejifungia nyumbani. Kwa hiyo mhitimu wa hapa alikuwa mtoaji na mhitaji kwa wakati mmoja. Kumpigia simu kuomba mchango bila kwanza kumuuliza hali yake kulikuwa ni kukosa adabu, na pia kulikuwa ni kukosa hesabu, kwa maana aliyesahaulika siku ya shida hakumbuki siku ya neema.

Kabla ya janga, vyuo vya Marekani vilikuwa vimejenga uhusiano na wahitimu juu ya nguzo mbili: sherehe na ombi la fedha. Sherehe kubwa kuliko zote ni ile ya kila msimu wa majani kupukutika, wahitimu wanaporudi chuoni kutazama mpira wa Kimarekani, kuimba na kuonana na watu wa darasa lao. Mwaka 2020 nguzo hiyo ilianguka. Mnamo Julai ligi ya CIAA, ambayo Bowie State ni mwanachama wake, ilisimamisha michezo ya msimu huo. Howard nayo ikahamishia sherehe yake mtandaoni. Nguzo ya pili ilionekana kusimama, lakini itazame vizuri. Michango yote iliyoingia katika vyuo vya Marekani kwa mwaka wa fedha ulioishia Juni 2020 ilikuwa takriban dola bilioni 49.5, karibu sawa na mwaka uliotangulia, na mwaka uliofuata ikapanda hadi karibu bilioni 52.9. Hata hivyo, wanaochangia zaidi siku hizi ni taasisi za ufadhili, na sehemu ya wahitimu wanaotoa chochote imekuwa ikipungua kwa miaka mingi. Chuo kinaweza basi kupata fedha nyingi huku kikipoteza watu wake. Anayepima ukaribu wa wahitimu kwa kutazama akaunti ya benki anatumia kipimo kisichohusika.

Tuirudie kesi ya Maryland tuone ilivyowashika watu. Madai yake yalikuwa wazi: jimbo lilikuwa likiruhusu vyuo vilivyokuwa vya Wazungu kuanzisha programu zilezile ambazo tayari zilifundishwa katika vyuo vya Weusi, na hivyo kuvinyang'anya wanafunzi. Mfano uliotajwa sana ni shahada ya uzamili ya uongozi wa biashara iliyoidhinishwa mwaka 2005 kwa ushirikiano wa vyuo vikuu vya Towson na Baltimore, ingawa Morgan State, iliyomo katika jiji la Baltimore, ilipinga. Mwaka 2013 Jaji Catherine Blake wa mahakama ya shirikisho alikubaliana na wahitimu juu ya hoja hiyo. Jimbo likakata rufaa, na Januari 2019 mahakama ya rufani mjini Richmond ikazitaka pande zote zikae zipatane. Gavana alikuwa amependekeza milioni 100, kisha akapandisha hadi 200. Upande wa wahitimu ukataja 577. Bunge la jimbo lilipitisha kiasi hicho Machi 2020, katika kikao kilichovunjwa mapema kwa ajili ya janga, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Mwezi Mei gavana akautia muswada kura ya turufu, akisema uchumi umeyumba. Spika Adrienne Jones akaurudisha mwaka uliofuata, na safari hiyo ukapita na kutiwa saini.

Kilichowaweka wahitimu hao pamoja hakikuwa wingi wa barua. Walikuwa na dai moja linaloelezeka kwa sentensi moja. Walikuwa na mgawanyo wa kazi: mawakili waliojitolea, wazee waliokumbuka historia ya vyuo, wapiga kura waliowajua wabunge wa maeneo yao. Walikuwa pia na ratiba isiyowategemea wao, kwa kuwa mahakama na bunge huweka tarehe na tarehe humlazimu mtu kujitokeza. Hayo yote yaliweza kufanyika kwa simu na kwa video bila kupoteza uzito wake. Sherehe iliyohamishiwa kwenye skrini hubaki na picha na muziki, ikikosa kile watu walichokifuata. Shauri, mkutano wa kamati au saa moja ya kumshauri mwanafunzi hubaki vilevile.

Atakayepinga ana hoja nzito mkononi. Desemba 2020 tajiri MacKenzie Scott aliipa Bowie State dola milioni 25, zawadi kubwa kuliko zote katika historia ya chuo hicho, na Morgan State milioni 40. Ikiwa mtu mmoja anaweza kufanya hivyo kwa hundi moja, ya nini kuhangaika na mwalimu aliyestaafu Bladensburg anayetoa dola 20 kwa mwezi? Zawadi ile ilikuwa njema, tena ilikuja bila masharti mengi. Lakini ilikuja mara moja, kwa uamuzi wa mtu ambaye hakuna chuo kinachoweza kumwajibisha. Fedha za kesi ni haki iliyoandikwa katika sheria, na zimepangiwa miaka 10. Tena anayetoa dola 20 kila mwezi anatoa pia jina lake, kura yake na masikio yake mtaani. Ndiye atakayejua kwanza kwamba programu fulani inataka kufutwa. Mfadhili mkubwa hujenga jengo au kufungua mfuko. Kukilinda chuo siku ambayo serikali inakisahau kunahitaji watu wengi walio karibu.

Wanafunzi wenyewe walihitaji nini mwaka ule? Sheria ya unafuu iliyosainiwa tarehe 27 Machi 2020 ilitenga takriban dola bilioni 14 kwa vyuo vya nchi nzima, na angalau nusu ya mgao wa kila chuo ilipaswa kwenda moja kwa moja kwa wanafunzi. Mwezi Aprili wizara ya elimu ikaelekeza kwamba fedha hizo ni za wale tu wanaostahiki misaada ya masomo ya serikali ya shirikisho. Wanafunzi wa kigeni, wakiwemo waliotoka Afrika Mashariki, wakaachwa nje. Mwongozo huo haukubadilishwa hadi Mei 2021. Tarehe 6 Julai 2020 likazuka tangazo jingine, kwamba mwanafunzi wa kigeni ambaye masomo yake yote ni ya mtandaoni aondoke nchini. Lilifutwa siku nane baadaye, baada ya Harvard na MIT kwenda mahakamani. Wakati huohuo kurudi nyumbani hakukuwezekana kirahisi: Kenya ilifunga safari za kimataifa za abiria kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Agosti, na uwanja wa ndege wa Entebbe, Uganda, ulifungwa hadi Oktoba. Kijana wa namna hiyo hakuhitaji mamilioni. Alihitaji kodi ya chumba ya mwezi mmoja, kompyuta inayofanya kazi, na mtu mzima aliyewahi kupitia ofisi za uhamiaji amweleze la kufanya. Hapo ndipo kundi dogo la wahitimu lilipoweza kufika kabla ya serikali na kabla ya tajiri yeyote.

Wapo watakaosema kwamba mfano wa Marekani hautuhusu, kwa kuwa vyuo vyetu vya Afrika Mashariki ni vya umma na ni wajibu wa serikali kuvitunza. Makerere inasaidia kulijibu hilo. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020, huku vyuo vya Uganda vikiwa vimefungwa, jengo kuu la chuo hicho, lililojengwa mwaka 1941, liliungua vibaya. Huzuni ilivuka mipaka, maana Makerere kwa miongo mingi ilikuwa chuo cha ukanda mzima: Julius Nyerere alisoma huko katika miaka ya 1940, na Benjamin Mkapa, aliyefariki miezi miwili tu kabla ya moto huo, alihitimu huko mwaka 1962. Serikali ya Uganda iliahidi kulijenga upya, na jengo likafunguliwa tena mwaka 2024. Je, hilo lina maana kwamba wahitimu hawakuwa na kazi? Lina maana kwamba kazi yao si kuwa serikali ya pili. Serikali hujenga kuta kwa bajeti. Mhitimu hufuatilia kama bajeti ilitumika ilivyopangwa, hutoa nakala za kumbukumbu alizonazo, humlipia ada mtoto wa mkulima, humwunganisha mwanafunzi na mwajiri. Wajibu wa mmoja haufuti wajibu wa mwingine.

Pingamizi la mwisho ni uchovu. Mwaka wa janga watu walichoshwa na mikutano ya video, na wazee wasiozoea vifaa hivyo waliachwa nyuma. Ni kweli, na dawa yake ni simu ya kawaida, ipigwe na mtu wa darasa moja na mzee huyo. Upande wa pili, mhitimu wa Nairobi au Dar es Salaam anayeishi Bladensburg, ambaye hakuwahi kumudu nauli ya kuhudhuria mkutano mkuu, kwa mara ya kwanza aliweza kuingia ukumbini sawa na wenzake. Waafrika Mashariki wa ughaibuni, kwa kweli, hawahitaji kufundishwa kuchanga kwa mbali. Kamati za misiba zimekuwa zikifanya hivyo kwa miaka mingi, na zinafanikiwa kwa sababu zilezile zilizoibeba kesi ya Maryland: lengo moja, mweka hazina anayejulikana, hesabu inayosomwa mbele ya wote, na siku ya mwisho. Upungufu wake ni kwamba huamka mtu anapofariki, kisha kundi la WhatsApp likarudia utani na siasa.

Undugu ni kufaana, si kufanana, na waliosoma chuo kimoja wanafanana tayari. Kinachobaki ni hiyo nusu nyingine. Chama cha wahitimu kinachotaka kuukuta mwaka mbaya ujao kikiwa hai kianze sasa kwa orodha sahihi ya wanachama wake, wapi walipo na wanaweza nini: muuguzi, mhasibu, wakili, dereva, mwalimu. Kichague kazi moja yenye mwisho unaoonekana, kwa mfano mfuko wa dharura wa wanafunzi watano, kisha kitoe hesabu hadharani hata kama ni ya dola mia mbili. Kimuulize mwanachama shida yake kabla ya kumwomba chochote. Vyuo navyo viwape wahitimu taarifa za kweli, zikiwemo za upungufu na madeni, kwa sababu hakuna anayeweza kutetea asichokijua. Wahitimu wa Maryland walikuwa na miaka 14 ya kufanya kazi pamoja kabla ya korona kuingia, na ndiyo maana kura ya turufu haikuwatawanya. Chama kitakachosubiri janga ndipo kianze kutafuta namba za simu za watu wake kitakuwa kimechelewa.