Kompyuta imewaka, mafaili yako wapi?

Asubuhi unawasha kompyuta ya ofisini, unafungua folda ya pamoja: tupu! Tulia, hujaibiwa. Mara nyingi Linux imeisaka seva wakati mtandao bado umelala, ikakata tamaa. Ubaya uko hapa: ukihifadhi kazi humo, inabaki kwenye diski yako. Folda ya seva ikishaunganishwa, kazi inafichwa chini yake, bosi naye anakuja juu.

Dawa ipo. Fungua /etc/fstab, kwenye mstari wa seva ongeza x-systemd.automount. Folda itaunganishwa pale unapoigusa. Neno la siri je? Jamani, humo kila mwenye akaunti analisoma! Liweke faili la pembeni, mwenyewe root, ruhusa 600, kisha litaje kwa credentials=. Zima, washa upya.