Gesi inayozunguka ndani ya koni: pesa iende wapi?

Ukitafuta programu ya kuiga kwa kompyuta gesi inayozunguka ndani ya difyuza ya koni, yaani bomba linalopanuka, bei ya kwanza kutajiwa ni ya leseni. Hiyo isikuumize kichwa. OpenFOAM ni huria tangu 2004. Code_Saturne ya EDF, shirika la umeme la Ufaransa, ni huria pia, na SU2 iliyoanzia Chuo Kikuu cha Stanford vilevile. Fluent ya Ansys na STAR-CCM+ ya Siemens hulipiwa, na bei hutolewa kwa maombi. Mwanafunzi hupewa Fluent bure, ila kwa kikomo cha idadi ya seli, yaani vipande vidogo ambavyo nafasi ya hesabu hugawanywa. Mlipaji hununua hasa wepesi wa kutengeneza wavu wa seli hizo, na mtu wa kumuuliza anapokwama. Milinganyo ya msukosuko ni ileile kote.

Gharama iko kwenye modeli ya msukosuko, kwa sababu mtiririko huu ni mkorofi. Koni inapopanuka gesi hupunguza mwendo na kanieneo hupanda, na ile iliyo karibu na ukuta, ambayo mwendo wake ni mdogo tangu mwanzo, hubanduka. Ukiizungusha, hutupwa nje na kushikamana na ukuta. Ukizidisha, katikati inageuza njia na kurudi ilikotoka. Mwaka 1993 Clausen, Koh na Wood, wa Australia, walichapisha vipimo vya hali iliyo katikati kabisa: mzunguko wa kutosha kuzuia hewa isibanduke, lakini haujafikia kuirudisha nyuma. Ingizo lao lina kipenyo cha milimita 260, koni imefunguka nyuzi 20, tokeo ni mara 2.84 ya eneo la ingizo, na hewa huingia kwa wastani wa meta 11.6 kwa sekunde. Yeyote anayekuuzia modeli, mwambie aanze na koni hiyo.

Modeli ya bei nafuu ni k-epsiloni. Kwa kuwa koni ni duara, unakata kipande chembamba cha nyuzi 5 tu. Seli elfu kumi hivi zinatosha kuanzia na kompyuta mpakato inamaliza kazi. Kasoro yake ni kwamba huchukulia msukosuko kana kwamba una nguvu sawa kila upande, na mzunguko unakataa kabisa dhana hiyo. Matokeo yake huja yamelainishwa mno, na ubandukaji huchelewa kuonekana au hauonekani kabisa. Kwa koni yenye nyuzi nyingi, mimi nisingeisaini ripoti yake.

k-omega SST ya Menter, ya 1994, nayo ina milinganyo miwili, ila seli ya kwanza lazima iwe karibu sana na ukuta. Wavu unanenepa, muda unaongezeka, nawe unapata ubashiri bora wa kubanduka. Iwashie sahihisho la mkunjo wa mikondo kama programu yako inalo. Halina bei ya ziada.

Modeli ya mikazo ya Reynolds hutatua milinganyo saba badala ya miwili. Kwa kila hatua muda huongezeka kama nusu, jambo linalovumilika. Kinachochosha ni hesabu kukataa kutulia. Njia ya kuipoza ni kuianzishia na jibu la SST.

LES, inayofuatilia yenyewe mizunguko mikubwa ya msukosuko, ni soko lingine. Kipande cha nyuzi 5 hakifai tena, unahitaji duara zima, seli za mamilioni, na gigabaiti moja hadi mbili za memori kwa kila milioni. Unakodi mashine kwa saa, na saa ni nyingi. Lipa tu kama katikati gesi inarudi nyuma au mtetemo ndio unaokusumbua.

Fedha iliyobaki ipeleke kwenye ingizo. Kasi ya mbele peke yake haitoshi: unahitaji kasi ya mzunguko na nguvu ya msukosuko, kutoka katikati hadi ukutani. Kiwango ambacho msukosuko unajifia hakipimiki kirahisi, hivyo hukisiwa. Kisia thamani mbili tofauti uone jibu linayumba kiasi gani. Wala usikatie wavu mdomoni mwa koni. Ongeza nafasi baada ya tokeo, kwa sababu mpaka ukiwekwa hapo hapo huilazimisha gesi itoke jinsi ulivyoamua wewe. Nafasi hiyo ni seli chache tu kwa kipande chembamba, lakini kwa LES inaweza kukugharimu siku.