Msalaba Katika Tumbo la Meli

Ndugu msomaji, wazee wa mjini Dar es Salaam watakuambia kwamba zamani Jumapili ilikuwa na safari mbili. Asubuhi Mkristo alikwenda kanisani. Alasiri, baada ya chakula, mume na mke na watoto waliopakwa mafuta na kuvalishwa viatu walikwenda kupanga foleni mbele ya majumba ya sinema kama vile Avalon, Empire na Odeon. Baadhi ya wahubiri waliiona safari hii ya pili kuwa inabomoa kile kilichojengwa na ile ya kwanza. Siku hizi picha hutazamwa sebuleni, hata katika simu ya mkononi, lakini swali la wahubiri wale lingali hai: je, Mkristo anatafuta nini katika picha?

Wako watakaojibu upesi kwa kutaja picha zilizotolewa katika Biblia au kando yake: The Ten Commandments ya mwaka 1956, Ben-Hur ya mwaka 1959, au ile ya maisha ya Yesu ya mwaka 1979 ambayo imetiwa maneno ya Kiswahili na kuonyeshwa katika viwanja vya vijiji vingi. Sina ugomvi na picha hizo. Ila mbele ya picha za namna hiyo kila mtu anajua mapema apaswavyo kuona huruma na wapi atoe machozi. Hazimwulizi mtu swali lolote ambalo hakulitarajia. Mimi nataka kuzungumza nawe juu ya picha ya makuli.

Picha yenyewe yaitwa On the Waterfront, yaani "Gatini". Ilitolewa mwaka 1954, ikaongozwa na Elia Kazan na kuandikwa na Budd Schulberg. Haina rangi, nayo huchukua muda usiotimia saa mbili. Ilipigwa Hoboken, ng'ambo ya mto kutoka New York, wakati wa baridi kali, na wengi kati ya wale unaowaona wamejikunyata katika makoti yao ni makuli wa kweli wa bandari ile. Ilipata tuzo nane za Oscar. Hayo ya tuzo tuyaache.

Ili uielewe, yakupasa kwanza ujue jinsi kazi ilivyokuwa ikitolewa katika bandari ya New York miaka ile. Makuli hawakuwa na ajira ya kudumu. Walikusanyika mbele ya gati, wakasimama nusu duara, na nyapara akatoka kuwachagua kwa jicho na kidole. Watu walikuwa wengi kuliko kazi. Aliyechaguliwa alifanya kibarua. Aliyeachwa alirudi nyumbani mikono mitupu. Basi nyapara alikuwa na uwezo wa kumnyima mtu chakula bila kusema neno. Wengine waliweka kijiti cha meno juu ya sikio, ikiwa ni ishara ya kwamba wako tayari kumrudishia sehemu ya ujira wao. Wengine walikopa kwa riba kubwa kwa wakopeshaji walioshirikiana na wakubwa hao hao, ndipo wakapata kazi ili deni lilipike. Na chama cha wafanyakazi, ambacho kingewatetea, kilikuwa katika sehemu nyingi za bandari ile kimeshikwa na wahuni.

Nadhani msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa hahitaji kuelezwa zaidi. Bandari zetu nazo zilijengwa kwa migongo ya vibarua waliosimama langoni alfajiri wasijue kama watapata siku. Ndiyo maana mwaka 1947 makuli wa Mombasa waligoma, na kabla ya mwaka ule kwisha wa Dar es Salaam nao wakagoma, na katika miji yote miwili mgomo ukaenea kwa wafanyakazi wengine.

Katika picha, genge linaloshika chama laongozwa na mtu aitwaye Johnny Friendly. Terry Malloy, bondia wa zamani anayechezwa na Marlon Brando, ni kijana wao wa kutumwa huku na huko. Siku moja anatumwa kumwita kijana Joey Doyle apande darini kuchukua njiwa wake aliyepotea. Joey apanda. Joey asukumwa chini akafa, kwa sababu alikuwa tayari kutoa ushahidi mbele ya Tume ya Uhalifu. Terry alidhani watamtisha tu. Hivyo ndivyo picha inavyoanza: si kwa shujaa, bali kwa mtu ambaye mikono yake imekwisha ingia damu naye anajiambia kwamba haikuingia.

Na padri? Padri Barry ni mtu mwema wa kawaida. Anamfariji dada wa marehemu, Edie, na kumwambia kwamba kama atamhitaji atamkuta kanisani. Msichana yule, katika uchungu wake, anamwuliza kama alikwisha kusikia habari za mtakatifu aliyejificha kanisani. Neno lile linamchoma. Kesho yake padri ashuka gatini, atazama kwa macho yake jinsi nyapara anavyovitupa chini vile vipande vya kuingilia kazini na wanaume wazima wakaviparamia na kuangushana matopeni kama kuku waliomwagiwa mtama. Tangu hapo parokia yake ni gati.

Sehemu ninayotaka tukae nayo kidogo ni ile ya kifo cha Dugan. Huyu ni kuli mbishi, mcheshi, mpenda kinywaji, ambaye padri amemwahidi kwamba akisimama kusema, yeye padri atasimama pamoja naye mpaka mwisho. Dugan atoa ushahidi. Siku chache baadaye, akiwa ndani ya ngama ya meli akipakua makasha ya wiski, winchi yaachia mzigo mzima juu yake. Ajali, wakubwa watasema.

Padri ashuka mle chini. Asimama kando ya maiti iliyofunikwa, akiwa amezungukwa na makuli, na wahuni wakiwa juu, ukingoni mwa ngama, wakimtupia matunda yaliyooza na makopo. Kopo moja lampiga kichwani, damu yatoka. Haifuti, aendelea kusema. Analosema, kwa ufupi wangu, ni hili: wako wanaodhani kwamba kusulubiwa kulitokea mara moja tu, huko Kalvari, lakini kila mtu mwema anapouawa ili asiseme kweli, huko nako ni kusulubiwa, na kila anayekaa kimya huku akijua ana sehemu yake katika hatia. Kristo, asema, husimama pamoja nao asubuhi katika nusu duara lile. Anaona nani amechaguliwa na nani ameachwa. Anaziona familia zitakazolala bila kodi ya nyumba.

Kisha ubao wa kupandishia mizigo wainuliwa kwa winchi ile ile iliyoua. Juu yake maiti ya Dugan imelazwa, na padri na kuli mmoja mzee wamesimama kando yake, wakipaa polepole kutoka katika giza la meli kwenda kwenye mwanga. Hakuna malaika wala kinanda cha kanisa. Nimeona picha nyingi za dini zilizogharimu fedha nyingi kuliko hii ambazo hazikuweza kuonyesha ufufuko kwa namna hiyo.

Wala usidhani hotuba ile ni utungo mtupu wa watu wa sinema. Padri Barry ameigwa kwa mtu aliyeishi, Padri John Corridan, Mjesuiti, mtoto wa askari polisi wa New York, ambaye tangu mwaka 1946 alifanya kazi katika shule ya wafanyakazi ya Xavier, Manhattan. Alizungumza na makuli, akawapa waandishi wa magazeti habari walizozikosa, akaeleza hesabu na taratibu za bandari kama mtu aliyezaliwa humo. Malcolm Johnson wa gazeti la New York Sun aliandika makala mfululizo juu ya uhalifu wa bandari mwaka 1948, akapata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Maneno ya padri katika ngama yametokana kwa kiasi kikubwa na hotuba ambayo Corridan aliwapa makuli. Hakuwa padri wa lugha ya sakristia. Waliomjua wanasema alivuta sigara sana na kusema kama kuli.

Hapa yafaa tusimame, maana msomaji mwenye kujua habari za siasa atakuwa ananing'ong'a. Ndiyo, najua. Elia Kazan, aliyeongoza picha hii, mwezi Aprili 1952 alikwenda mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti, akawataja kwa majina wenzake wanane wa zamani. Schulberg naye alitaja majina mwaka 1951. Wengi waliamini, na wengi wangali wanaamini, kwamba picha ya mtu anayetukuzwa kwa kutoa ushahidi ilikuwa njia ya Kazan kujisafisha. Alipopewa Oscar ya heshima mwaka 1999, baadhi ya waliokuwa ukumbini walikataa kumpigia makofi.

Mimi sioni kwamba jambo hili linaweza kupitwa kimya kimya. Lakini laweza kutusaidia kupima. Terry anasema dhidi ya wenye nguvu, walioua, na kwa kusema anapoteza kazi, marafiki na usalama. Kazan alisema dhidi ya watu ambao hawakuwa wameua mtu, mbele ya wenye nguvu, na kwa kusema akaendelea kupata kazi. Tendo moja, yaani kufungua kinywa mbele ya tume, na uzito wake umegeuka kabisa kwa kuuliza maswali mawili tu: unayemtaja ni nani, na atakayelipa ni nani? Picha inajua tofauti hiyo vizuri kuliko mtu aliyeitengeneza. Si jambo geni. Hata mhubiri mara nyingine husema kweli asiyoweza kuibeba.

Turudi kwa Terry. Kaka yake Charley, mwenye akili na koti zuri, aliyewahi kumshawishi ashindwe kwa makusudi katika pambano kubwa ili wacheza kamari wale fedha, auawa na kutundikwa ukutani kwa kulabu. Terry achukua bastola. Padri amfuata kilabuni, amzuia. Sharti la Ukristo si kwamba asipigane, bali apigane mahali ambapo kweli itasikika. Terry atoa ushahidi. Malipo yake? Mtoto wa jirani aliyekuwa akimpenda anawanyonga njiwa wake wote. Makuli wenzake hawamsemeshi. Mtu asiyejua bei hii asimhimize mwenzake kuwa shujaa, maana mke na watoto wa shujaa nao hula njiwa walionyongwa.

Katika picha kuna koti. Lilikuwa la Joey. Baba yake alimpa Dugan, kwa kuwa la Dugan lilikuwa limechanika. Dugan alipokufa, Edie alimpelekea Terry. Hakuna anayelieleza koti hilo. Linapita tu kutoka bega la maiti hadi bega la aliye hai. Siku ya mwisho Terry alivaa akaenda gatini. Apigwa na genge zima mpaka hawezi kusimama. Makuli wakataa kuingia kazini bila yeye. Padri awakataza wasimshike: na atembee mwenyewe. Ndipo anapotembea, akiyumba, damu usoni, macho yakiona ukungu, kutoka ukingo wa maji hadi mlango wa bohari.

Nitazamapo mwendo ule, mbali na njia ya Golgota namkumbuka pia ndugu yetu John Stephen Akhwari, ambaye mwaka 1968 katika mbio ndefu za Olimpiki huko Mexico alianguka akaumia goti, akafungwa bendeji, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, watazamaji wengi wakiwa wamekwisha kwenda zao. Alikuwa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Alipoulizwa sababu ya kuendelea alieleza kwamba nchi yake haikumtuma kuanza tu. Nasikia kila dhehebu limekwisha mtumia katika mahubiri, na misikiti pia inayo haki hiyo.

Lakini picha imewapendelea makuli wake kwa jambo moja. Ni kweli kwamba utaratibu wa kuchagua watu kwa kidole ulifutwa katika bandari ya New York mwaka 1953, sheria ilipounda tume ya kusimamia bandari. Lakini makuli walipopiga kura kuchagua chama cha kuwasemea, mwezi Mei 1954, miezi michache kabla ya picha kuonyeshwa, chama kile kile cha zamani kilishinda kwa tofauti ndogo ya kura. Upande aliouunga mkono Corridan ulishindwa. Wengi waliogopa, wengine walichoka kuamuliwa mambo na magazeti, serikali na mapadri. Mwaka 1957 Corridan aliondoka bandarini akaenda kufundisha. Alifariki mwaka 1984.

Ukiitazama, angalia mwisho kabisa. Makuli wameingia, Terry yu mbele yao, na mlango mzito wa bohari unashuka nyuma yao mpaka unagusa sakafu. Padri na Edie wamebaki nje, barazani, katika baridi.