Dhahabu: kutoka mchanganyiko hadi myeyusho

Jiwe lenye dhahabu linalotolewa kwenye duara, yaani shimo, la mchimbaji mdogo wa Geita au Kahama ni mchanganyiko: mna kwatzi, madini ya chuma na chembe za dhahabu ambazo mara nyingi hazionekani kwa macho. Kwatzi na dhahabu hazijaungana kikemia, kwa hiyo kila kimoja kimebaki na tabia zake. Kuchenjua ni kuitafuta tabia ambayo dhahabu inayo na wenzake hawana.

Ya kwanza ni uzito. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina gramu 19.3, ya kwatzi haifiki 3. Karasha likishasaga jiwe, unga wake hupitishwa na maji kwenye mwalo uliotandikwa magunia au mazulia. Mchanga husombwa, dhahabu hutuama kwenye nyuzi. Tope la unga na maji likiachwa kwenye ndoo hujitenga lenyewe. Maji ya chumvi, kinyume chake, hayajitengi hata yakikaa mwaka, wala chujio haliyawezi, kwa kuwa chumvi imesambaa kwa chembe ndogo mno. Huo ndio myeyusho: maji ni kiyeyushi, chumvi ni kiyeyushwa.

Neno “kuyeyuka” huwachanganya wanafunzi. Barafu huyeyuka kwa joto, peke yake. Sukari huyeyuka ndani ya chai. Vitabu vingine huita hili la pili kumumunyika, na vinafanya vyema.

Tabia ya pili ya dhahabu ni kunaswa na zebaki: viwili hivyo hufanya bonge laini, amalgamu. Bonge likichomwa, zebaki huchemka kwa nyuzijoto 357 na kupaa, dhahabu ikabaki, kwani yenyewe huyeyuka kwa 1,064. Mvuke huo hudhuru ubongo na figo za anayeuvuta.

Marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, bado yana dhahabu. Hapo hutumika sayanaidi, njia iliyobuniwa Glasgow mwaka 1887. Maji yenye sayanaidi kidogo, yakisaidiwa na oksijeni, huigeuza dhahabu kikemia hadi ikaingia kwenye myeyusho. Kisha kaboni huinasa. Sayanaidi ni sumu kali.

Hata mkuo unaofikishwa katika soko la madini la Geita, lililofunguliwa mwaka 2019, kwa kawaida si dhahabu tupu. Una fedha iliyosambaa ndani yake sawasawa: myeyusho mgumu, ambao usafi wake hupimwa kabla ya bei kutajwa.