Uvimbe wa Taya kwa Watoto

Chembe za mwili huzaana kwa amri. Mtoa amri mmoja ni protini iitwayo Myc. Ni kama nyapara wa mkonge: kazi ikiisha, huondoka. Katika saratani ya Burkitt nyapara huyu haondoki. Chembe nyeupe za damu huzaana usiku na mchana. Uvimbe huweza kuwa maradufu kwa siku mbili tatu tu!

Daktari Denis Burkitt aliueleza ugonjwa huu mwaka 1958, akiwa Uganda. Huwapata zaidi watoto wa sehemu za joto zenye malaria nyingi. Huku Lushoto kuna baridi, lakini watoto wetu hushuka Mombo wakakaa.

Taya likivimba na meno yakalegea, usimng'oe mtoto jino wala usimchanje chale. Mpeleke hospitali upesi. Dawa za saratani zimeponya wengi waliowahi.